Kutoka Baikonur hadi Baraka: Jinsi Anga Lilivyofika Fizi Kabla ya Barabara

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965, Ernesto Che Guevara aliteremka Kibamba, kwenye ufuko wa Fizi, mashariki mwa Kongo, baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka Kigoma. Alikuja na kikosi cha kwanza cha Wakuba kuwasaidia waasi walioshikilia miji ya Baraka na Fizi na milima inayolitazama ziwa. Siku moja kabla yake, tarehe 23 Aprili, Wasovieti walikuwa wamerusha Molniya-1, setilaiti yao ya kwanza ya mawasiliano, kutoka Baikonur katika nyika za Kazakhstan. Na tarehe 6 ya mwezi huohuo Wamarekani walikuwa wamerusha Early Bird, setilaiti ya kwanza ya mawasiliano ya kibiashara duniani.

Mambo hayo matatu hayakupangwa na mtu mmoja, wala waliohusika nayo hawakujuana. Hata hivyo, anayetaka kuandika historia ya mawasiliano ya Fizi hana budi kuyaweka ukurasa mmoja. Mwezi huo ndipo zilipoanza njia mbili ambazo miaka mingi baadaye zingekutana juu ya paa za Baraka: njia ya vita vilivyoikata Fizi na dunia, na njia ya roketi za Kirusi zilizobeba sauti na picha za dunia.

Mwaka 1965 Fizi ilizungumza na nje kwa mashua. Amri na barua zilisubiri boti ya kuvuka kwenda Kigoma, na kutoka hapo zikaenda Dar es Salaam. Redio zilikuwepo, lakini chache na za nguvu ndogo. Boti ikichelewa kwa upepo au kwa hofu ya ndege na boti za doria, kila kitu kilichelewa.

Tarehe 16 Julai mwaka huo, wakati Wakuba wakiwa bado milimani, roketi mpya iliruka kutoka Baikonur kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kazi ya ofisi ya mhandisi Vladimir Chelomey, nayo ilianza kama mpango wa kombora zito la kubeba bomu la nyuklia. Safari hiyo ya kwanza ilibeba setilaiti ya kisayansi iliyoitwa Proton, na roketi yenyewe ikabaki na jina hilo.

Mwishoni mwa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare pamoja na jeshi la serikali walishuka Baraka kutoka ziwani. Fizi nayo ikaanguka. Tarehe 21 Novemba Che akavuka tena kurudi Kigoma, na siku tatu baadaye Jenerali Mobutu akatwaa madaraka ya nchi. Kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila alirudi kwenye milima ya Fizi, akaanzisha chama cha PRP mwaka 1967, na eneo lake la Hewa Bora likaishi miaka mingi nje ya mamlaka ya serikali.

Mataa ya Kinshasa, giza la Fizi

Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimpiga George Foreman mjini Kinshasa, na dunia ikalitazama pambano hilo kupitia setilaiti. Kongo ya Mobutu, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilitaka kuonekana, na siku hiyo ilionekana kweli. Lakini picha zilizotoka Kinshasa na kufika London na New York hazikuwa na njia ya kufika katika kijiji cha Wabembe wa Fizi, ndani ya nchi ileile.

Miaka miwili baadaye Mobutu aliingia mkataba na OTRAG, kampuni ya Kijerumani ya mhandisi Lutz Kayser, akaipa eneo kubwa la ardhi kaskazini mwa Shaba (Katanga), kusini mwa Fizi. Kayser alitaka kujenga roketi za bei nafuu za kurusha setilaiti za biashara. Mahali palikuwa pazuri kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi kuliko mahali pengine. Roketi ya kwanza ya majaribio iliruka Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, ilishindwa mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe.

Moscow iliishutumu OTRAG kwamba ilikuwa ikitengeneza makombora ya kijeshi, na majirani wa Zaire wakaingiwa na wasiwasi. Mwaka 1979 Mobutu akaifunga. Ndivyo ilivyokuwa kwamba jaribio la kwanza la kurusha roketi za biashara katika Afrika ya Kati lilifanyika upande wetu huu wa ziwa, likafa kwa siasa za mataifa makubwa, wala halikuacha hata laini moja ya simu kwa wenyeji.

Foni, Makobola na simu za angani

Kwa miaka mingi sauti ya mashariki ya Kongo ilikuwa foni: redio ya masafa marefu yenye waya mrefu uliotundikwa kati ya miti, betri ya gari na mtu mmoja anayejua saa za kuita. Misheni zilikuwa nayo, na vilevile mashirika na wafanyabiashara. Aliyetaka kujua kama mgonjwa amefika Uvira au bidhaa zimetoka Kalemie alikwenda kwa mwenye foni na kusubiri zamu yake. Mazungumzo yalisikiwa na kila aliyekuwa kwenye masafa hayo.

Mwaka 1996 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Mwezi Aprili Proton ilibeba kutoka Baikonur setilaiti ya Astra 1F ya kampuni ya SES ya Luxembourg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa roketi hiyo kumrushia mteja wa Magharibi kwa biashara. Dola ya Kisovieti ilikuwa imekwisha, viwanda vya Moscow vilihitaji fedha, na kampuni za Ulaya na Marekani zilihitaji roketi yenye nguvu kwa bei nzuri. Mwezi Oktoba vita viliwaka Kivu ya Kusini, na maelfu ya watu wa Fizi wakavuka ziwa kwenda Tanzania, wakapelekwa kwenye kambi za Kigoma kama Nyarugusu na Lugufu.

Vita vya pili vilianza Agosti 1998. Kati ya mwisho wa Desemba mwaka huo na siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya raia waliuawa Makobola, kaskazini mwa wilaya ya Fizi. Habari hiyo ilitoka nje kwa njia ya wamisionari, na shirika lao la habari la MISNA likaitangazia dunia siku chache baadaye. Siku hizo chache zinauma hadi leo. Watu walizika ndugu zao kabla dunia haijajua kwamba kuna kilichotokea, na waliofanya mauaji walipata muda wa kukana.

Tayari wakati huo kulikuwa na simu zinazoongea moja kwa moja na anga. Kati ya Juni 1997 na Aprili 1998, roketi tatu za Proton zilibeba setilaiti 21 za Iridium, saba kila safari, na huduma ikafunguliwa Novemba 1998. Iridium ilifilisika mwaka uliofuata, kwa sababu simu yake ilikuwa ghali mno hata kwa matajiri, kisha ikanunuliwa na kufufuliwa. Baadaye ikaja Thuraya ya Falme za Kiarabu. Setilaiti zake zilirushwa kwa roketi ya Zenit kutoka jukwaa linaloelea katika Bahari ya Pasifiki, kwenye mstari wa ikweta. Hatua mbili za kwanza za Zenit zilitengenezwa Ukraine, injini yake kubwa na hatua ya juu zikatoka Urusi.

Mashariki ya Kongo, Thuraya ikawa jina la kila simu ya angani. Walioimiliki walikuwa makamanda, wafanyabiashara wa madini na wafanyakazi wa mashirika. Mkulima wa Lulimba au mvuvi wa Ubwari hakuwa na uwezo huo. Anga lilikuwa wazi juu ya wote, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa wachache.

Usiku wa SES-4

Ili kuelewa jinsi anga lilivyoshuka hadi kwa watu wa kawaida, tufuate safari moja kutoka mwanzo hadi mwisho: ile ya SES-4.

Setilaiti hii ilijengwa California na kampuni ya Space Systems/Loral kwa ajili ya SES, ileile iliyoifungulia mlango Proton mwaka 1996. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 6, nzito kuliko zote ambazo SES ilikuwa nazo wakati huo, na ilikusudiwa kukaa nyuzi 22 magharibi, juu ya Bahari ya Atlantiki, kuhudumia Ulaya, Amerika na Afrika. Ilipangwa kuruka mwishoni mwa Desemba 2011. Kasoro katika vifaa vya elektroniki vya Briz-M, hatua ya juu ya roketi, ililazimu safari iahirishwe na roketi irudishwe karakana.

Proton hujengwa katika kiwanda cha Khrunichev mjini Moscow, vipande vyake vikasafirishwa kwa treni hadi Baikonur. Huko huunganishwa ikiwa imelala, ikavutwa kwa reli hadi kituo cha kurushia, ndipo ikasimamishwa. Ikiwa wima ina urefu wa karibu mita 58, na ikijazwa mafuta uzito wake hufika karibu tani 700. Mafuta hayo ni sumu kali. Huwaka yenyewe yanapokutana na kioksidishaji chake, bila kuhitaji cheche, na ndiyo sababu yalipendwa na waliobuni makombora. Watu wa nyika za Kazakhstan wameishi na hofu ya sumu hiyo kwa miongo mingi. Tarehe 2 Julai 2013 Proton iligeuka hewani sekunde chache baada ya kuruka, ikaanguka na kulipuka palepale Baikonur. Uchunguzi ulionyesha kwamba vihisio vyake vilifungwa juu chini. Picha tunazotazama kwetu ziligharimu pia hofu ya watu wa mbali, nao wanastahili kutajwa katika historia hii.

Tarehe 12 Februari 2012, siku mbili kabla ya SES-4 kuruka, Wakongo walikuwa na habari mbili kubwa. Mchana, ndege iliyokuwa ikitua Kavumu karibu na Bukavu ilianguka, akafa Augustin Katumba Mwanke, mshauri mwenye nguvu kuliko wote karibu na Rais Joseph Kabila. Usiku, mjini Libreville, Zambia ilitwaa Kombe la Afrika kwa kuifunga Ivory Coast kwa penalti 8 kwa 7. Penalti ya ushindi ilipigwa na Stopila Sunzu, mchezaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Habari ya Kavumu ilisambazwa na redio na simu za mkononi. Furaha ya Libreville ilionekana popote palipokuwa na dishi, televisheni na jenereta yenye mafuta.

Tarehe 14 Februari, saa 3 na dakika 36 usiku kwa saa za Fizi, ikiwa tayari saa 7 na dakika 36 za usiku wa tarehe 15 huko Baikonur, injini sita za hatua ya kwanza ziliwaka. Kwa dakika mbili hivi roketi ilipanda kwa nguvu za injini hizo. Hatua ya pili ikapokea, kisha ya tatu, na chini ya dakika kumi hatua zote tatu zilikuwa zimekwisha kazi yake. Iliyobaki ilikuwa Briz-M na mzigo wake.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya uvumilivu. Setilaiti ya televisheni lazima ifike kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia, hivyo aliye chini huiona imesimama mahali pamoja daima. Baikonur iko mbali kaskazini mwa ikweta. Kwa hiyo haitoshi kupanda. Njia yenyewe lazima ilazwe kidogokidogo hadi ikaribie kulingana na ikweta. Briz-M iliwasha injini yake mara tano, ikizima na kusubiri mahali sahihi kabla ya kuwasha tena. Saa 9 na dakika 12 baada ya kuruka, SES-4 iliachwa ijitegemee. Fizi ilikuwa karibu saa 1 asubuhi ya tarehe 15.

Baada ya hapo setilaiti ilitumia injini yake yenyewe kumalizia safari, ikakunjua mbawa za jua, ikapimwa, ikachukua nafasi ya setilaiti ya zamani, NSS-7.

Kilichoshuka juu ya paa

SES-4 haikuwa peke yake. Tukitazama setilaiti zilizolisha madishi ya Afrika ya Mashariki na Kati katika miaka hiyo, tunaikuta Proton karibu kila mahali. Canal+, inayowauzia Wakongo chaneli za Kifaransa, ilitumia SES-4. DStv ilitumia setilaiti ya Eutelsat iliyoko nyuzi 36 mashariki, ambayo Proton iliirusha tarehe 24 Novemba 2009, karibu miezi saba kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Azam TV ya Tanzania ilipoanza mwishoni mwa 2013, ilipanga nafasi kwenye nyuzi 7 mashariki, ambako Eutelsat ilikuwa na setilaiti mbili zilizopelekwa na Proton, moja mwaka 2004 na nyingine Mei 2013. Zuku ya Kenya ilitumia SES-5, iliyopelekwa Julai 2012, pia na Proton.

Kwa fundi wa madishi Baraka, jiografia hiyo ya angani ni kazi ya mikono. Mji uko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta na nyuzi 29 mashariki. Dishi la Canal+ linaelekea magharibi, upande wa milima, likiwa limeinuliwa nyuzi 30 na kidogo tu kutoka upeo, hivyo nyumba iliyobanwa na kilima au mti mkubwa hukosa picha. Mwali wa DStv unatoka karibu juu kabisa ya kichwa, ukiegemea upande wa ziwa. Wa Azam uko katikati, upande wa magharibi lakini juu zaidi. Mvua kubwa ya masika ikinyesha, matone hunyonya mawimbi hayo mafupi na picha huganda hadi wingu lipite.

Mwali wa setilaiti hauishii mpakani. Chaneli zilizokusudiwa watazamaji wa Kigoma huangukia pia ng'ambo ya ziwa, na mtu wa Baraka, aliyekulia katika Kiswahili, hahitaji mkalimani kufuata mechi ya Simba na Yanga au taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam. Wengi wa watu wa Baraka walikuwa wamezoea maisha ya upande huo wa Tanzania. Oktoba 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwarudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Walirudi na watoto waliozaliwa kambini, na ndugu waliobaki Nyarugusu. Kwa familia zilizogawanyika hivyo, ziwa lilikuwa mpaka na pia uwanja wa kuulizana habari.

Ni haki kusema kwamba setilaiti ziliwapa watu wa Fizi mambo makubwa. Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, iliunganisha studio zake kwa setilaiti, hivyo mtu wa Kivu na mtu wa Équateur wakasikia habari ileile jioni ileile. Kampuni za simu ziliposimamisha minara mahali pasipo waya wala umeme, mara nyingi mnara ulizungumza na mji mkuu kupitia dishi. Mashirika ya tiba yalituma hesabu za kipindupindu na kuomba dawa bila kusubiri gari lipite matope.

Na ni haki pia kusema kilichokosekana. Barabara ya kitaifa nambari 5, inayotoka Uvira kupitia Baraka na Fizi kuelekea Kalemie, imeendelea kuwatesa wasafiri kwa matope, madaraja mabovu na watu wenye silaha. Katika nyumba nyingi picha ya Ulaya ilifika kabla ya umeme wa taifa, na bei yake ilihesabiwa kwa dola. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 hadi karibu tarehe 20 Januari 2019, wakati wa kuhesabu kura, serikali ilikata intaneti nchi nzima. Raia akakumbushwa kwamba mawasiliano aliyonayo ni ya kukodi, na mwenye swichi yuko mbali.

Zama zinafungwa, zama zinafunguliwa

Zama za Proton ya biashara zimekwisha. Ajali zilipunguza imani ya wateja, roketi za bei nafuu za SpaceX zikachukua soko, na safari ya mwisho kwa kampuni za mawasiliano za Magharibi ilikuwa Oktoba 2019, ilipobebwa setilaiti ya Eutelsat. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, mlango ulifungwa kabisa kwa wateja hao. Machi mwaka huo setilaiti 36 za kampuni ya OneWeb zilizokwisha kufika Baikonur hazikuruka.

Lakini Oktoba 2022 Proton ilibeba AngoSat-2, mali ya serikali ya Angola, jirani yetu. Ya kwanza, AngoSat-1, ilirushwa Desemba 2017 kwa roketi ya Zenit na ikaharibika. Angola haikukata tamaa, ikajengewa ya pili. Mtu anaweza kujadili gharama yake, ila hawezi kukana kwamba Angola ilikaa na kuamua anga litawatumikia watu gani.

Kongo inaingia zama mpya kwa njia nyingine. Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilikataza Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, ikihofia matumizi yake na waasi wa mashariki. Mei 2025 ikaipa leseni. Setilaiti hizi huruka chini, kwa maelfu, na dishi lake hubebwa begani. Zitafika Fizi, na pengine haraka kuliko lami.

Kwa miaka sitini Fizi imefikiwa na anga kwa sababu biashara ya wengine ilipita juu yake. Waliochora mwali wa SES-4 walihesabu wateja wa miji mikubwa, na Baraka ikapata kwa sababu ilikuwa chini ya mwali uleule. Kupata kwa namna hiyo si haki ya kudumu. Mwenye biashara akihama, nuru yake huhama naye.

Sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, inayosimamia mawasiliano nchini Kongo, imeweka mfuko wa huduma kwa wote, unaochangiwa na kampuni za simu ili zile sehemu zisizo na faida zisiachwe nyuma. Fizi ni mojawapo ya sehemu hizo. Wabunge waliochaguliwa Fizi, machifu, makanisa, misikiti na mashirika ya raia wa Baraka waulize kila mwaka, kwa maandishi na hadharani: mfuko huo umekusanya kiasi gani, na umejenga nini kati ya Makobola na Lulimba? Zahanati iunganishwe kwanza, shule zifuate, na jamii iwe na njia ya kutoa habari ya hatari saa ileile hatari inapotokea. Waliokufa Makobola bila dunia kujua wanatudai hilo.

Roketi zimefanya kazi yake. Iliyobaki ni ya serikali, na ni sisi wa kuidai.